Nyumba ya paa la kuficha hapa Dodoma: nani yuko sahihi, fundi au baba?

Kuna dada ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Mimi ni mtumishi wa umma, nimehamia Dodoma na wizara, nimepata kiwanja Nala, mita 20 kwa 30, barabara iko upande wa magharibi. Nataka nyumba ya vyumba vitatu, kimoja masta. Nimeipenda hii staili ya sasa ya paa la kuficha, vioo vikubwa mbele, jiko la wazi na dari za jipsam zenye taa. Fundi anasema sasa hivi watu wote wanajenga hivyo na ni rahisi kuliko kupaua kawaida. Baba yangu anasema nyumba isiyoonekana paa haitadumu. Udongo wa pale ni wa kijivu, kiangazi unapasuka. Nimsikilize nani, na katika hivi vitu kipi ni cha maana na kipi ni fasheni tu?"

Dada yangu, hongera kwanza kwa kiwanja. Umeuliza mengi kwa pamoja ila yote yanarudi sehemu moja: zile picha tunazozipenda kwenye simu zimechorwa kwa ajili ya sehemu nyingine, na Dodoma ina jua lake, upepo wake na vumbi lake, maji yake ya chumvi na udongo wake. Paa la kuficha, yaani lile lililofichwa nyuma ya ukuta unaopanda juu ya nyumba, linaweza kukaa hapa vizuri kabisa likitengenezwa kwa kuyajua hayo, na linaweza kukutesa miaka yote likiletwa kama lilivyo kwenye picha. Mimi ni msanifu majengo, kazi zangu nyingi ziko hapa hapa jijini, kwa hiyo ntakujibu kwa kiwanja chako hicho hicho.

Fasheni ya nyumba huku imebadilika haraka sana. Ukipita mitaa iliyojengwa miaka ya 2000 utaona paa refu lenye migongo na mabonde kibao, nguzo za duara barazani, dirisha za wastani zenye grili na nyavu. Halafu 2016 Rais Magufuli akatangaza serikali inahamia Dodoma, 2017 CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ikavunjwa shughuli zake zikaenda halmashauri, 2018 tukawa jiji, watu wakaja kwa wingi na kila mtu anataka kwake. Huko Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba na Nzuguni ndipo hizi nyumba za boksi zilipojaa: paa limefichwa nyuma ya ukuta, rangi nyeupe na kijivu, aluminiamu nyeusi, peving uwanja mzima. Na ndani kumebadilika pia, kila chumba kinataka choo chake, dainingi imeunganishwa na sebule, stoo imekuwa kachumba kadogo pembeni ya jiko. Mengi ya hayo mimi nayaunga mkono, nyumba za sasa zina mwanga zaidi, hazipotezi nafasi kwenye korido na zimeanza kujengwa kwa ukubwa ambao mwenye nyumba anaweza kuumaliza.

Sasa tuanze na hilo paa maana ndilo limekugombanisha na mzee.

Baba yako ana hoja, ila sio hiyo aliyoisema. Paa la karibu bapa sio geni Dodoma, Wagogo wamejenga tembe miaka na miaka, paa la miti lililofunikwa udongo mzito, na lilifaa kwa sababu mvua yetu ni chache, mara nyingi milimita 500 na kitu hadi 600 kwa mwaka, na inanyesha msimu mmoja tu kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi. Kwa hiyo wazo la paa bapa kwa hali ya hewa yetu halina tatizo. Tatizo ni namna mvua yenyewe inavyokuja. Mvua ya Dodoma haidondoki taratibu kutwa nzima, inakuja kwa hasira saa moja halafu imeondoka. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako tuseme litakuwa mita za mraba 150, ikija mvua ya milimita 40 ndani ya saa moja, hapo una lita 6,000 juu ya nyumba kwa saa hiyo moja. Kwenye paa la kawaida gata zikishindwa maji yanamwagikia nje, ukuta unachafuka, basi. Kwenye paa la kuficha gata iko ndani ya nyumba, nyuma ya ule ukuta wa juu, ikishindwa maji hayana pa kwenda zaidi ya kwenye dari yako ya jipsam.

Ndio maana nasema fundi akikwambia ni rahisi muulize rahisi kwa maana gani. Kweli mbao za kenchi zinapungua na bati zinapungua, lakini umeongeza tofali za ule ukuta wa juu, umeupiga lipu pande zote mbili, umeongeza gata, bati za kuziba maungio, dawa ya kuzuia maji. Ukijumlisha vyote unakuta kilichookolewa ni kidogo, na wale wanaookoa kikubwa kweli kweli mara nyingi wameokolea kwenye gata, yaani pale pale ambapo hapatakiwi kuguswa.

Mwambie fundi hivi, na iandikwe kwenye ramani isibaki mdomoni. Bati zilale kwa nyuzi 8 mpaka 10, zisilale kabisa, na ziagizwe kwa urefu wa kufika juu mpaka chini bila kuunga katikati. Gata iwe na upana usiopungua sentimita 30 ili mtu aweze kuingia mguu na kusafisha, ishuke angalau sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutokea, na matundu yawe mawili au zaidi yenye bomba la inchi 4, kwa sababu tundu moja likizibwa na majani ya mwarobaini na mfuko wa nailoni uliopeperushwa, lile la pili ndilo linakuokoa. Halafu kuna kitu ambacho nakiona kimesahaulika kwenye nyumba nyingi mpya: tundu la dharura. Ni tundu linalotoboa ule ukuta wa juu kwenda nje, usawa wake ukiwa chini kidogo ya mdomo wa bati, ili gata ikijaa maji yaruke nje kabla hayajarudi ndani. Kipande cha bomba tu, gharama yake haisumbui, na siku ukiona maji yanatokea hapo unajua kabisa matundu ya chini yameziba.

Huo ukuta wa juu nao usijengwe kama fensi ya kupachika. Dodoma iko kwenye ukanda wa bonde la ufa, mitikisiko midogo huwa tunaisikia, na ukuta wa tofali uliosimama wenyewe juu ya nyumba ndio wa kwanza kulegea. Nondo za nguzo za pembeni zipande kutoka kwenye linta mpaka juu ya huo ukuta, halafu juu yake pamwagwe mkanda mwembamba wa zege unaofunga vyote, uso wake uinamie upande wa bati ili vumbi la juu lisioshwe na mvua kushukia ukuta wa mbele, ile michirizi ya kahawia unayoiona kwenye nyumba nyeupe za mwaka mmoja inatokana na hapo.

Na kuna faida moja ya paa la kuficha ambayo watu hawaitumii: bati lako halionwi na mtu. Sasa kwanini uezeke bati jeusi au la kijivu cha mkaa? Rangi iliyoiva inanyonya jua na kulishusha ndani. Chukua bati jeupe au lile la rangi yake ya asili lisilopakwa, weka karatasi ya foili chini yake kabla ya kupigilia, na acha matundu yenye wavu kwenye ukuta wa juu, upande wa mashariki na upande wa magharibi, hewa ya darini iwe inapita. Dari ya jipsam ni nyembamba, haizuii joto la bati kama watu wanavyodhani. Mtu anakuja kununua AC ya sebuleni wakati joto lake lote limefungiwa juu ya kichwa chake kwa kukosa matundu manne ya hewa.

Hapo kwenye paa naomba mweleze mzee kwamba hoja yake ya kudumu inajibika, ila kuna kingine ambacho paa lake la zamani lilikuwa linafanya na hili jipya halifanyi, nalo ni kivuli. Paa lililotoka nje ya ukuta linakinga dirisha na jua na linakinga lipu na mvua. Ukilificha, ukuta umebaki mtupu. Na hapa ndipo napata wasiwasi zaidi na nyumba yako, maana barabara yako iko magharibi.

Kila mtu anataka vioo vikubwa viangalie barabarani, wageni wakifika waone. Kwako vioo hivyo vitakuwa vinatazama jua la saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, kila siku, na Oktoba na Novemba ndio miezi ya joto letu kali. Jua la jioni liko chini, linaingia moja kwa moja mpaka kwenye kochi, kanopi ya juu ya dirisha haiwezi kulizuia. Kioo cha tinti kinapunguza mwanga machoni lakini chenyewe kinapata moto na kuutoa ndani. Pazia likifungwa joto limeshaingia tayari limebaki kati ya kioo na pazia. Jua linazuiliwa nje, kabla halijagusa kioo, hakuna namna nyingine.

Ushauri wangu: igeuze nyumba. Sebule na vyumba vya kulala viangalie kaskazini na kusini, kwa sababu huku kwetu jua linapanda juu sana na pande hizo mbili ndizo rahisi kuzikinga. Kanopi ya zege iliyotoka sentimita 60 juu ya dirisha la kaskazini inafunika karibu mita nzima ya kioo mchana wa mwezi wa Juni, na ile ya kusini inafunika kama mita 1.9 mchana wa Desemba, yaani dirisha zima. Huko weka vioo vyako vikubwa, weka hata mlango wa kioo wa kutokea bustanini, utafurahi. Upande wa magharibi panga vitu ambavyo havikai watu: vyoo, stoo, jiko, kivuli cha gari. Vinakuwa kinga ya nyumba nzima. Usiweke chumba cha watoto hapo, ukuta wa tofali uliopigwa na jua la alasiri nzima unaanza kurudisha lile joto ndani usiku, saa mbili saa tatu, muda ambao mtoto anatakiwa alale.

Najua utaniuliza, sasa mbele patakuwa na nini, ukuta wa choo? Hapana. Mbele weka baraza pana, upana wa mita 2.4 au zaidi, lenye paa lake la boksi hilo hilo la kisasa na nguzo nyembamba za mraba, na ukingo wake wa magharibi simamisha kichanja cha mabomba upandishe mzabibu. Hapa ndipo nyumbani kwa zabibu, mche unapatikana, na kivuli cha majani kina ubaridi ambao zege halina. Ukipogoa utapoteza kivuli wiki kadhaa, kwa hiyo panga kupogoa kusiangukie kwenye joto kali la Oktoba. Nyumba ikitazamwa kutoka barabarani inakuwa na sura kuliko hizo zenye kioo kitupu kilichofunikwa pazia mwaka mzima.

Kwenye madirisha kuna jambo lingine. Aluminiamu ya kuslaidi inafunguka nusu tu, nusu nyingine kioo kimesimama nyuma ya kioo. Ongeza grili na wavu wa mbu, hewa inayobaki ni ndogo sana. Na ile reli ya chini inajaa vumbi letu mpaka dirisha linagoma, mwenye nyumba anaanza kulifungua kwa teke. Vyumbani chukua dirisha la kusukuma nje linalofunguka lote, na grili zikae ndani. Upepo wetu mkubwa unatoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo upande huo weka dirisha dogo dogo zenye mpira mzuri wa kuziba, ukifungua usiku upepo uingie, mchana wa Agosti vumbi likiamka ufunge.

Na kwa sababu hiyo hiyo ya upepo nafurahi ukiliweka jiko magharibi, harufu na moshi vinasukumwa nje vinaondoka, jiko likiwa mashariki kila ukikaanga samaki nyumba nzima itajua. Jiko la wazi mimi silipingi, mama anayepika anaongea na watu wake, mwanga unapita. Ila weka mlango wa kioo wa kuvuta kati ya jiko na sebule, ufungwe siku ya kupika sana, na acha nafasi ya jiko la nje hata kama leo unatumia gesi peke yake, kwenye msiba au sherehe sufuria kubwa haziingii ndani. Mtungi wa gesi ukae nje kwenye kizimba chenye matundu chini, kwa kuwa gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Mpira wake usipitishwe dirishani, pitisha bomba ukutani mapema kabla ya lipu. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania, kwa hiyo hata nyumba ya kupangisha siku zijazo itaulizwa hilo bomba liko wapi. Na vuta waya mnene wa jiko la umeme hata kama hulinunui leo.

Haya, sasa udongo. Hapa naomba usome taratibu, hapa ndipo hela yako itakapopona au itakapozama.

Udongo wa kijivu unaopasuka kiangazi ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Unainua nyumba masika na kuishusha kiangazi, na hauiinui yote sawasawa, kingo zinacheza zaidi kuliko katikati. Matokeo yake ni zile nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona ya dirisha, fundi anaziba kwa putty, mwaka unaofuata zimerudi pale pale. Sio kwamba fundi wa rangi ni mbovu, shida iko chini.

Kabla ya kulipa chochote chimba shimo la kama mita 2, sio kwenye kona moja tu, chimba na upande wa pili. Angalia tabaka zinavyobadilika. Chukua bonge kutoka mita moja na nusu, lianike likauke kabisa, lisage, lichekeche kwa chujio la chai. Jaza kikombe kidogo cha kahawa, kisha umwage unga huo taratibu kwenye glasi ndefu ya kioo yenye maji, acha mpaka kesho. Kwenye glasi nyingine mwaga unga mkavu wa kipimo hicho hicho ulinganishe kimo. Mchanga utakaa kimo kile kile. Ukikuta ule wa kwenye maji umepanda mara moja na nusu au zaidi, huo ni wa kuvimba, na hapo huna ujanja, mlipe mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) na upeleke sampuli maabara. Hiki kipimo cha glasi kinakusaidia tu kujua kama una tatizo, hakikwambii msingi uwe na ukubwa gani.

Mhandisi atakuchagulia kati ya njia kadhaa. Kama tabaka baya ni jembamba litatolewa lote na kujazwa moramu, ule udongo wa changarawe, inayoshindiliwa kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji kidogo na kupigwa. Kama ni nene utashuka chini zaidi, au utafunga msingi wa mawe kwa mkanda wa zege wenye nondo chini na juu, au utamwagiwa jamvi zito la zege lenye nondo linalobeba nyumba nzima kwa pamoja. Mawe tunayo, Dodoma imezungukwa na vilima vya granaiti, msingi wa mawe ni mzuri, ila mawe peke yake bila mkanda wa nondo kwenye udongo huo yatatengana. Na kabla ya jamvi pigisha dawa ya mchwa kwenye kifusi na tandika nailoni nzito. Mchwa wa huku ukiwapa mwaka mmoja wanafika kwenye fremu za mlango.

Halafu angalia hili jambo linavyoungana na lile paa. Bomba zile mbili au nne za inchi 4 zinashusha maelfu ya lita kwenye kona za nyumba yako, pale pale kwenye udongo unaovimba. Ukiziachia hapo umeulisha ugonjwa mwenyewe. Zielekezwe kwenye tanki, na nyumba izungukwe na njia ya zege ya upana wa mita moja inayoinamia nje. Miti mikubwa ikae mbali, mwarobaini upande mwisho wa kiwanja.

Hilo tanki tulihesabu pia. Mita za mraba 150 za paa, mvua milimita 570 tuseme, ukitoa inayopotea unabaki na kama lita 68,000 kwa msimu. Simtanki ya lita 5,000 inajaa kwa mvua moja kubwa halafu iliyobaki unaimwaga. Mimi kwenye nyumba za namna hii nashauri tanki la chini la zege, lita 20,000 mpaka 30,000, lichimbwe wakati mmoja na msingi, lakini kwenye udongo wako lisikae karibu na nyumba na kuta zake zichorwe na huyo huyo mhandisi. Mvua ya kwanza ya mwaka iache ipite nje maana inaosha vumbi la miezi saba. Maji ya mvua hayana chumvi, na hilo ni jambo kubwa hapa kwetu. Maji mengi ya ardhini ni magumu, yanaziba vichwa vya bafu, hita za kuogea zinakufa mapema kwa ukoko mweupe, na fundi akijengea maji ya chumvi kali ndio unaona lipu ya chini inatoa unga na rangi inabanduka. Kisima kwenye kiwanja cha 20 kwa 30 mimi sikishauri, kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo, lako na la jirani, hiyo nafasi huna.

Choo chenyewe, mfinyanzi haunywi maji haraka, kwa hiyo soki ya kawaida, lile shimo la kunyonya maji ya choo, itajaa. Pima unyonyaji kwanza: jaza maji kwenye kashimo jioni, asubuhi uangalie yamebaki kiasi gani.

Jipsam, taa za kamba, marumaru za 60 kwa 60 zinazong'aa, geti la rimoti, hivyo vyote ni mapambo, vizuri tu, vifanye ukiwa na hela na vinaweza kusubiri hata baada ya kuhamia. Bafuni na barazani tu usiweke marumaru za kung'aa, zinateleza. Sola nakushauri uache bomba tupu la waya kutoka darini mpaka kwenye meni swichi hata kama paneli utanunua miaka ijayo. Jua tunalo la kutosha, na paa la kuficha linazificha paneli vizuri.

Tofali: kama unanunua za saruji za inchi 6, nenda ukaone zinavyofyatuliwa. Mfuko mmoja ukitoa 30 mpaka 35 ni tofali, ukisikia 50 ondoka. Zile za kufungamana za udongo na saruji, ambazo NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi, wamezieneza kwa muda mrefu, ni nzuri na zinapunguza lipu, ila udongo wa kijivu wa kwako haufai kuzifyatulia, utaleta mwekundu wenye mchanga kutoka pengine.

Na zege. Upepo wetu mkavu unanyang'anya zege maji kabla halijashika, ndio maana majamvi mengi ya huku yana nyufa nyembamba kama utando. Likimwagwa asubuhi lifunikwe magunia au nailoni, linyweshewe siku 7 bila kukosa, asubuhi na jioni na mchana ikibidi. Weka mtu wako wa kunywesha, usimwachie fundi ambaye siku ya pili yuko saiti nyingine.

Ratiba nayo uipange na mvua. Kibali cha ujenzi cha Halmashauri ya Jiji anza kukifuatilia sasa ukiwa na michoro iliyogongwa muhuri, chimba msingi kiangazi udongo ukiwa mkavu, na jitahidi upaue kabla ya Desemba. Kama hela haitoshi kufika bati, bora uishie kwenye jamvi ukalifunika vizuri kuliko kuacha kuta wazi masika nzima kwenye udongo wa namna hiyo.

Kwa hiyo kwa fundi na mzee: paa la kuficha jenga, kwa masharti niliyoyaandika hapo juu, na hela ya vioo vya mbele ihamishie kwenye msingi na gata. Fundi akigoma kuweka tundu la dharura au kupandisha nondo mpaka juu, hapo nakubaliana na baba, paua paa la kuonekana la migongo minne lisilo na mabonde, litoe nje sentimita 60 pande zote, utaishi kwa amani. Ukishachimba hayo mashimo mawili nitumie picha za pembeni zikiwa na futi kamba imeshushwa, pamoja na picha ya hizo glasi mbili siku ya pili, tuongee habari ya msingi kabla hujanunua lori la kwanza la mawe.